ANDAZI LA SENTI TANO
Habari za Bei na Vitafunwa katika Nchi ya Tarime na Serengeti

Katika mkutano mkuu mmoja wa wajumbe wa vyama vya msingi, baada ya taarifa ya hesabu kusomwa na kupokewa, mzee mmoja kutoka upande wa milimani alisimama akiwa ameshika andazi mkononi. Akamwomba Mwenyekiti ruhusa ya kuuliza swali moja dogo. Alisema: "Ndugu Mwenyekiti, mwaka tulipoanza, andazi la mkutano lilijaa kiganja. Leo naweza kulifumba ndani ya ngumi. Nayo taarifa yasema ya kwamba chai ya wajumbe imegharimu fedha nyingi kuliko mwaka ule wa kwanza. Fedha imekua, andazi limepungua. Nataka kujua tofauti imekwenda wapi."

Watu walicheka sana, na Katibu akacheka pia, kisha mambo mengine yakaendelea. Swali la mzee halikujibiwa siku ile.

Sasa Chama chetu kikuu kinatimiza miaka kumi, na katika kitabu hiki wenzangu wataeleza habari za maghala, mizani, mikopo na pembejeo. Mimi nimeomba nafasi kidogo nijaribu kumjibu mzee yule. Habari za andazi zaonekana kuwa jambo dogo lisilostahili kuandikwa katika kitabu cha ukumbusho. Lakini mkulima hauoni mfumuko wa bei katika vitabu vya Benki. Huuona mezani kwake, katika kikombe cha chai na katika kile anachowapa watoto wake asubuhi. Kwa hiyo atakaye kujua historia ya bei katika nchi yetu, na aanzie hapo.

Kabla ya Andazi

Zamani za babu zetu hapakuwa na andazi katika nchi hii, wala chai ya sukari. Haina maana kwamba watu hawakuwa na vya kujiburudisha. Wakurya walikuwa na ulezi wao, uji wake na kinywaji chake, na maziwa yaliyogandishwa katika vibuyu. Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye walikuwa na asali ya mizinga na nyama iliyokaushwa kwa jua. Wajaluo wa kando ya ziwa walikuwa na samaki. Mtoto aliyerudi kutoka machungani alipewa kiazi kitamu kilichochomwa katika majivu, au muwa, au mahindi mabichi kwa majira yake.

Vitu hivi vyote vilikuwa na jambo moja lililofanana: havikuwa na bei. Vilipatikana kwa wingi katika mwaka wa mvua na vikaadimika katika mwaka wa ukame. Mama hakuulizwa kiazi ni shilingi ngapi. Aliulizwa kama kipo au hakipo. Yafaa tulikumbuke jambo hili, maana mabadiliko makubwa kuliko yote nitakayoyasimulia si ya bei kupanda kutoka kiwango kimoja hata kingine. Ni yale ya chakula cha kujiburudisha kuondoka shambani na kuhamia dukani.

Sarafu Yenye Tundu

Mlango wa duka ulifunguliwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa kodi ya nyumba, iliyoanzishwa na Wadachi mwaka 1898, ambayo ilimlazimu kila mwenye nyumba kutafuta fedha. La pili lilikuwa reli kutoka Mombasa, ambayo mwaka 1901 ilifika ziwani mahali tupaitapo leo Kisumu. Tangu hapo, sukari, chai, unga wa ngano, chumvi na nguo viliweza kuvushwa kwa meli hata Musoma, na kutoka huko vikabebwa hadi katika maduka madogo ya wafanyabiashara, wengi wao wakiwa Wahindi.

Wadachi walitumia rupia, na tangu mwaka 1904 rupia moja iligawanywa kuwa heller 100. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Serikali ya Kiingereza ilileta shilingi ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1920. Sarafu zake za senti moja, senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu katikati, na watu walizitunga katika uzi ili zisipotee. Fedha hiyo ilikuwa moja katika Tanganyika, Kenya na Uganda. Mtu wa Tarime aliyevuka kwenda upande wa pili alinunua kwa fedha ile ile aliyotoka nayo nyumbani, na jamaa waliogawanywa na mpaka waliendelea kuuziana na kununuliana.

Katika miaka hiyo sukari ilikuwa kitu cha wageni na cha sikukuu. Ilinunuliwa kidogo, ikafungwa katika karatasi, ikahifadhiwa juu ya dari. Vita Kuu ya Pili, kati ya 1939 na 1945, vilipoifanya bidhaa ya ng'ambo kuwa haba, wengi wa wazee wetu hawakupata taabu kubwa kwa kukosa sukari, kwa sababu walikuwa hawajaizoea. Taabu ya namna hiyo ilikuwa ikiwangoja watoto wao.

Pamba, Kahawa na Mizani

Miaka ya 1950 ilileta bei njema. Vita vya Korea, vilivyoanza mwaka 1950, viliinua bei za pamba na mazao mengine katika masoko ya dunia, na bei ya kahawa nayo ikapanda hata kufikia kilele chake mwaka 1954. Pamba ilikuwa ikilimwa katika nchi za chini, na kahawa ya arabika ikastawi katika milima ya Tarime, wilaya ambayo siku zile iliitwa Mara Kaskazini. Fedha ikaingia mikononi mwa wakulima, nayo chai na andazi vikaingia nyumbani.

Lakini pamoja na bei njema yalikuwapo malalamiko makubwa, nayo yalihusu uzito. Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walidai ya kwamba mizani ya wanunuzi haisemi kweli. Mtu hutoka nyumbani na mzigo mzito, na afikapo sokoni huambiwa ni mwepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, waliweka wapimaji wao wenyewe ili mkulima ajue uzito wa mzigo wake kabla hajaupeleka kwa mnunuzi. Kutoka katika jitihada hizo vilizaliwa vyama vya msingi vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likawa mojawapo ya vyama vikubwa kabisa vya wakulima katika Afrika.

Naomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa kuwa nitalirudia. Ushirika katika pande za ziwa ulizaliwa kwa sababu mkulima aligundua kwamba kuambiwa bei hakutoshi. Bei ni nusu ya habari, na nusu ya pili ni uzito.

Siku ya mauzo ndiyo iliyokuwa siku ya andazi. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka ya 1960, na nakumbuka kufuatana na baba hadi mahali pa kununulia kahawa, nikiwa nimebeba mfuko mdogo kichwani ili nionekane nami nimefanya kazi. Tulipomaliza kupimiwa, baba alininunulia andazi moja na chai katika kikombe cha bati. Lilikuwa andazi la senti tano. Sikulila lote. Nusu nilimpelekea mama, naye akamgawia mdogo wangu, na bado kila mtu alipata kipande cha kutafuna. Ukubwa wa andazi lile siwezi kuuapia, maana macho ya mtoto hukuza mambo. Lakini kwamba liligawanyika kwa watu watatu, hilo naliapia.

Fedha Yetu Wenyewe

Tarehe 14 Juni, 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa fedha yetu wenyewe. Sarafu zilikuwa za senti 5, senti 20, senti 50 na shilingi moja. Senti tano ilikuwa na picha ya samaki, senti 20 ilikuwa na mbuni, na senti 50 ilikuwa na sungura. Noti zilikuwa za shilingi 5, 10, 20 na 100. Noti ya shilingi 100 ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, na wakulima wengi waliimaliza miaka kadhaa bila kuishika mkononi. Dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na shilingi 7 na senti 14.

Siku hizo mkulima alipata karibu senti 50 kwa ratili moja ya pamba mbegu. Kwa andazi la senti tano, ratili moja ya pamba ilinunua maandazi kumi. Kwa kuwa kilo moja ni kama ratili mbili na robo kasoro kidogo, kilo moja ya pamba ilinunua maandazi kama ishirini na mawili. Tuiandike hesabu hii pembeni, tutaihitaji.

Miaka ya Foleni

Mabadiliko yalianza mwaka 1973, bei ya mafuta ya petroli ilipopanda ghafula duniani. Mwaka uliofuata ulikuwa wa ukame na upungufu wa chakula, na Taifa likalazimika kuagiza nafaka kutoka nje. Mwaka huo huo wa 1974 watu wa Mkoa wa Mara walikuwa katika shughuli ya kuhamia vijijini. Ili kuwalinda wananchi, Serikali ilianzisha Tume ya Bei mwaka 1973, na bidhaa nyingi zikawekewa bei ya kuuzia. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mazao yakawekwa chini ya mamlaka za mazao.

Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa ya Brazil, na kufikia 1977 bei ya kahawa duniani ilipita dola 3 kwa ratili. Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa katika kuvunjika, mpaka wetu na Kenya ulifungwa. Basi mkulima wa Tarime alijikuta katika hali ya ajabu. Kahawa yake ilikuwa na thamani kubwa kuliko wakati wowote aliokumbuka, lakini bei iliyokuwa ikimfikia ilikuwa sehemu ndogo ya ile ya dunia. Na ng'ambo ya pili ya mpaka, mwendo wa saa chache kwa miguu, palikuwa na wanunuzi waliotoa zaidi. Hapo ndipo magendo yalipoota mizizi. Kahawa ilivuka usiku, na kilichorudi kilikuwa sukari, sabuni, na mafuta ya kupikia ya kopo.

Silitetei jambo lile. Liliidhoofisha nchi, na liliwatia wengi mahabusu. Lakini historia yataka tuseme kweli: kati ya vitu vilivyowavusha watu mpaka usiku, andazi na kikombe cha chai vilikuwamo. Mama aliyezoea kuwapa watoto chai ya sukari kwa miaka ishirini hakuweza kurudi kwa urahisi katika siku za babu.

Baada ya vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979, mambo yalizidi kuwa magumu. Sukari iliuzwa kwa bei ya Serikali, na bei hiyo ilikuwa nafuu. Shida ni kwamba sukari yenyewe haikuwapo. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, wakarudi mikono mitupu. Twaona hapa kwamba bei yaweza kusimama mahali pamoja na bado kitu kikawa ghali, kwa sababu mtu hukilipa kwa siku nzima ya kazi aliyoipoteza foleni, au kwa bei ya uchochoroni. Mwaka 1983 Serikali, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Baadhi ya bidhaa zikaonekana tena kwa muda, nyingine zikazikwa ardhini kwa hofu.

Katika miaka hiyo nyumba zetu zilijifunza upya mambo yaliyokuwa yamesahauliwa. Chai ilinyweka kwa sukari guru. Pengine ilinyweka bila utamu wowote, na kiazi kitamu cha kuchemsha kikashikwa mkono wa pili ili kuuziba upungufu. Ulezi ulirudi katika sufuria za asubuhi. Andazi likawa tena kitu cha sikukuu, kama lilivyokuwa zamani za baba zetu.

Soko Huria na Ngazi za Sarafu

Mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na bidhaa zikarudi madukani. Mwaka huo pia vyama vikuu vya ushirika vilianza kurudi, baada ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1982. Tangu 1986, chini ya mpango wa kuufufua uchumi, shilingi ilipunguzwa thamani mara kwa mara. Bei zilikuwa zikipanda kwa kiasi cha asilimia 30 hivi kila mwaka, na maana yake ni kwamba kila baada ya miaka mitatu mtu alihitaji fedha mara mbili ili anunue kitu kile kile.

Ili kuona jambo hili hakuna haja ya vitabu. Tazama sarafu tu. Samaki wa senti tano alitoweka, kisha mbuni, kisha sungura. Katika miaka ya 1990 ilitoka sarafu ya shilingi 100, mwaka 1998 ikafuata ya shilingi 200, na mwaka 2014 ya shilingi 500. Noti iliyokuwa kubwa kuliko zote mwaka 1966 imekuwa sarafu ya mfukoni, na ukiipeleka kwa mama anayekaanga maandazi kandokando ya barabara, utapata andazi dogo moja, au utaambiwa uongeze nyingine. Dola ya Marekani, iliyokuwa shilingi 7 na senti 14, mwaka 2015 ilipita shilingi 2,000.

Kwa upande wa mazao, mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyogawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza yalisitishwa, na bei ikaanguka karibu nusu katika miezi michache. Mwaka 2001 wastani wa bei ya kahawa duniani ulikuwa chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili. Wakulima wengine waling'oa mibuni wakapanda migomba na mahindi. Tena tangu 1994 wanunuzi binafsi wa pamba na kahawa waliruhusiwa, wakaingia vijijini kwa wingi, baadhi yao wakiwa na mizani na baadhi yao wakiwa na makopo.

Namna Andazi Linavyopungua

Sasa tumefika katika swali lenyewe la mzee. Kwa nini andazi linapungua ukubwa, badala ya bei yake kupanda tu?

Sababu ni kwamba bei ya andazi hufuata ngazi za sarafu. Mama wa maandazi hawezi kuuza kwa shilingi 117, kwa maana hapana sarafu ya kulipia wala chenji ya kurudisha. Atauza kwa shilingi 100 au kwa shilingi 200. Lakini unga, sukari, mafuta na kuni hupanda kidogo kidogo. Kati ya ngazi moja na nyingine, njia iliyobaki ni mkono wake ukatao donge.

Tuchukue mfano. Tuseme kilo moja ya unga wa ngano, pamoja na sukari, mafuta, hamira na kuni, humgharimu mama shilingi 5,000. Akikata maandazi 30 na kuyauza shilingi 200 kila moja, hupata shilingi 6,000, na faida yake ni shilingi 1,000. Tuseme sasa mafuta na sukari vimepanda, gharama ikafika shilingi 5,800. Akikata 30 vile vile, faida yake ni shilingi 200, nayo haimtoshi hata kulipia sabuni. Basi hukata maandazi 34 kutoka katika donge lile lile. Hupata shilingi 6,800, na faida yake hurudi kuwa shilingi 1,000. Unga uliokuwa gramu 33 katika kila andazi umekuwa gramu 29.

Mama huyo hakumwibia mtu. Faida yake haikuzidi hata shilingi moja, nayo hiyo shilingi 1,000 yenyewe imepungua nguvu tangu mwaka uliopita. Amepokea pigo la bei kutoka mbali, akaligawa kwa wateja wake wote, kila mmoja gramu nne.

Kutoka mbali wapi? Twaweza kutaja. Ngano tuliyo nayo Tanzania haitutoshi, na sehemu kubwa huagizwa kutoka nje. Mafuta ya kupikia nayo mengi huagizwa. Mwezi wa Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na nchi hizo mbili ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano na mafuta ya alizeti duniani. Mwezi wa Aprili mwaka ule Indonesia ilisimamisha kwa muda kuuza nje mafuta ya mawese. Katika mwaka 2024, mwanzoni, mvua nyingi zilizuia kuvuna na kusaga miwa katika viwanda vyetu, na sukari ikapita shilingi 4,000 kwa kilo katika sehemu nyingi za nchi, ingawa Serikali ilikuwa imetangaza bei elekezi iliyo chini ya hiyo. Vita vya Ulaya, amri ya Indonesia na mafuriko ya mabondeni vyote vilikutana katika karai moja la mama wa Mugumu.

Hesabu ya Pembeni

Turudi sasa katika ile hesabu tuliyoiandika pembeni. Kilo ya pamba mbegu ilinunua maandazi kama 22 katika miaka ya 1960. Mwaka 2022 bei ya pamba ilifunguliwa kwa shilingi 1,560 kwa kilo, bei iliyoshangiliwa sana. Kwa andazi la shilingi 200, kilo hiyo ilinunua maandazi saba. Mwaka 2023 bei ikawa shilingi 1,060, na kilo ikanunua maandazi matano. Hata tukichukua andazi dogo la shilingi 100, hatufiki 22, na maandazi yenyewe si ya kugawana watu watatu.

Kahawa imekuwa na bahati nyingine. Mwezi wa Februari 2025 bei ya arabika huko New York ilipita dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Lakini wazee waliouona mwaka 1977 na mwaka 2001 wanajua kwamba kilele hakidumu.

Wapo watakaosema kwamba andazi si kipimo cha maisha, na ni kweli. Leo tuna barabara, simu, sola na shule ambazo mwaka 1966 hazikuwapo. Lakini kipimo hiki kina faida moja: hakidanganyi. Mtu akiambiwa kwamba bei ya zao lake imepanda kutoka senti 50 kwa ratili hata shilingi elfu moja na zaidi kwa kilo, atadhani ametajirika. Akiihesabu kwa maandazi, atajua alipo.

Tena jambo hili lina madhara ambayo viongozi wa vyama vya msingi wanayafahamu vizuri. Mara nyingi mkulima hauzi mazao yake kwa wachuuzi kwa sababu ya shida kubwa. Kwa shida kubwa huja chamani kuomba mkopo. Humuuzia mchuuzi kwa sababu ya shida ndogo ya kila siku: sukari imekwisha, mafuta yamekwisha, mtoto anakwenda shule bila kitu tumboni. Hapo kopo moja la kahawa hutoka nyumbani jioni, kesho jingine, na keshokutwa jingine. Mchuuzi hana mizani, ana kopo tu, na kopo lake halijapata kukaguliwa na mtu. Msimu ukifunguliwa, mfuko uliotazamiwa kuletwa chamani umebaki nusu. Mkulima aliyeona vema kwamba andazi limepungua gramu nne hakuona kwamba kopo limemchukulia mamia ya gramu.

Jawabu la Mzee

Kwa hiyo namjibu mzee wetu hivi. Tofauti uliyoiuliza haikuingia mfukoni mwa Katibu, wala mwa mama aliyetukaangia. Imekwenda pale shilingi inapokwenda inapopoteza nguvu, na sehemu yake imekwenda kwa wakulima na wenye viwanda wa nchi nyingine, ambao twanunua kwao vitu vitatu vinavyotengeneza andazi. Lakini ulifanya vema kuuliza. Uliitazama bei na uzito pamoja, kama baba zetu walivyofanya mbele ya mizani ya pamba.

Katika miaka kumi inayokuja, yatufaa tufanye mambo matatu. La kwanza, taarifa ya mwaka isiishie katika shilingi. Karibu na bei aliyolipwa mwanachama iandikwe kilo ya pamba au ya kahawa ilinunua sukari kiasi gani, mbolea kiasi gani, na unga kiasi gani, mwaka huu na mwaka uliotangulia. Methali yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari lisiloonyesha nguvu ya fedha laweza kupoteza mali na habari zikiwamo.

La pili, chama cha msingi kitazame shida ndogo. Akiba ya mwanachama ya kumwezesha kupata sukari na mafuta kabla ya msimu, kwa kiasi kidogo na kwa kumbukumbu safi, italizuia kopo la mchuuzi kuliko hotuba nyingi.

La tatu, tusidharau vitu vya kwetu. Alizeti yaota katika mashamba yetu, na mafuta yake twaweza kuyakamua hapa hapa. Ulezi, viazi vitamu na maziwa ya mgando vilitulea katika miaka ya foleni, wakati bei ya Serikali ilikuwa nafuu na duka likiwa tupu. Sisemi tuache andazi. Mimi mwenyewe nalipenda. Nasema nyumba yenye ulezi ghalani huzisikia habari za vita vya mbali kama habari, wala haizisikii tumboni.

Katika sherehe ya mwaka huu wa kumi, wajumbe wataandaliwa chai kama kawaida. Nimeambiwa ya kwamba pembeni ya maandazi patakuwa na viazi vitamu vya kuchemsha na uji wa ulezi, vyote vikiwa vimenunuliwa kwa wanachama wenyewe, vikapimwa kwa mizani ya chama. Naomba mzee wetu awe wa kwanza kupakuliwa.